Barabara Yataka Msimamizi

Ukitazama ramani ya nchi yetu ya Kongo, utauona mto Luvua ukitoka katika ziwa Mweru, penye Pweto, ukishuka kuelekea kaskazini-magharibi mpaka Ankoro, ambapo hukutana na Lualaba. Kutoka Ankoro kupanda mpaka Kiambi, mwendo wa kilometa 160 hivi, mto hupitika kwa vyombo visivyozama sana majini. Kutoka Kiambi kwenda juu, maporomoko huvizuia vyombo. Basi Kiambi ni mahali ambapo mto humwambia msafiri: Mimi nimekwisha kazi yangu, sasa shika barabara.

Na hapo ndipo taabu inapoanza. Barabara nyingi za jimbo la Tanganyika ni za udongo. Wakati wa kiangazi ni vumbi. Mvua zikifika ni tope, na lori lililotazamiwa jioni hulala porini siku tatu. Wengi husema: “Ni shauri la mvua, tutafanya nini?” Yafaa tuwajibu ndugu zetu hao. Mvua ni zawadi ya Mungu, nayo hunyesha hata penye barabara njema. Barabara haiharibiwi na mvua peke yake. Huharibiwa kwa kukosa msimamizi.

Nani hulipa ubovu wa barabara?

Mfanyabiashara ajapo kununua mihogo au mahindi, kichwani mwake amekwisha kupiga hesabu: springi zilizovunjika, mafuta yaliyoteketea, siku zilizopotea katika tope. Hasara hiyo hailipi kwa mfuko wake mwenyewe. Huitoa katika bei ya gunia. Kisha aletapo chumvi, sabuni na nguo, huiongeza katika bei ya vitu hivyo. Hivyo mkulima huulipia ubovu wa barabara mara mbili: auzapo, na anunuapo.

Tena kuna deni jingine lisilopimwa kwa fedha. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja tope likauke. Dawa hazifiki, vitabu vya shule hazifuati kalenda ya masomo, na padre aliyeitwa kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu hufika pengine siku ya maziko. Kwa hiyo jambo la barabara si jambo la wenye magari tu. Ni jambo la jamaa nzima.

Barabara ni ya nani?

Kwa hesabu ya Serikali, nchi yetu ina kilometa 152,400 za barabara. Katika hizo, kilometa 58,129 ni barabara kuu za taifa na za majimbo, 7,400 ni za mijini, na 86,871, yaani zaidi ya nusu, ni njia za vijijini zipitishazo mazao. Barabara kuu zi mikononi mwa Office des Routes, ofisi iliyoundwa mwaka 1971. Njia za vijijini zilikuwa chini ya idara iliyojulikana kwa jina la DVDA, ambayo kazi yake imerithiwa na OVDA.

Fedha za kutengeneza barabara nazo zina mfuko wake, uitwao FONER, uliowekwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Mfuko huo hujazwa kwa fedha zinazotozwa juu ya mafuta ya magari, pamoja na ushuru unaolipwa barabarani. Angalieni basi maana yake. Mwenye lori alipapo mafuta, amelipa barabara. Naye huirudisha gharama hiyo katika bei ya mizigo. Kwa hiyo hata bibi mzee anunuaye kijiko cha chumvi sokoni amekwisha kutoa sehemu yake. Aulizapo habari za barabara, haombi sadaka. Aulizia mali yake.

Maadui wawili: maji na uzito

Barabara njema huanza katika karatasi ya mhandisi. Jambo la kwanza analopaswa kulifikiri ni maji: yatapita wapi? Barabara ya udongo au ya changarawe yatakiwa kuwa na mgongo. Katikati huinuka, pande mbili hushuka, kwa kadiri ya sentimita 4 mpaka 6 kwa kila meta moja. Barabara yenye upana wa meta 6, basi, katikati yake yapasa kuwa juu kuliko kingo kwa sentimita 12 hata 18. Maji hayo hushuka katika mitaro, na mitaro huyapeleka mbali au kuyapitisha chini ya barabara katika makalvati. Mgongo ukilala, au mtaro ukiziba, maji hayana njia ila barabara yenyewe. Hapo kilima huchimbwa korongo, na bonde hugeuka ziwa.

Adui wa pili ni uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wataalamu wa Marekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois. Waliyapitisha malori mchana na usiku juu ya barabara walizozitengeneza kwa kusudi hilo. Ikaonekana kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara hayawi mara mbili; huwa karibu mara 16, yaani 2 mara 2 mara 2 mara 2. Ukiongezwa mara tatu, madhara hufika karibu mara 81. Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2022, ina sheria ya uzito: lori zima lisizidi tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Ndiyo sababu pia huwekwa vizuizi vya mvua, malori yangoje saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Dereva ampaye mlinzi wa kizuizi kitu kidogo ili apite usiku, amenunua njia yake kwa kuharibu njia ya watu elfu.

Macho ya kusimamia

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu hiyo, sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya mikataba ya Serikali imeweka utaratibu: kazi itangazwe, wenye kuitaka washindane, na mikataba ikaguliwe. Kisha, kazi inapoendelea, mwenye kujenga na mwenye kukagua yapasa wawe watu wawili mbalimbali. Mkaguzi hupima unene wa changarawe, hupeleka udongo katika maabara, huhesabu makalvati. Kazi ikiisha, hupokelewa kwanza kwa muda. Baada ya kuiona jinsi inavyostahimili, ndipo hupokelewa kabisa.

Mtu aweza kusema: “Utaratibu mwingi, wa nini?” Na tupige hesabu kama darasani. Tuseme mkataba unadai changarawe ya unene wa sentimita 15, juu ya barabara ya kilometa 50, yenye upana wa meta 6. Mjenzi akiweka sentimita 10 tu, macho ya mpitaji hayatambui kitu. Lakini zimepungua meta za ujazo 15,000. Kwa lori lichukualo meta 10, ni safari 1,500 zilizolipwa na hazikufanywa. Hakuna mwizi aliyevunja mlango usiku. Hata hivyo mali ya watu imekwenda.

Majirani zetu wa Uganda wamelionja jambo hili. Mwaka 2013 ulitiwa sahihi mkataba wa barabara ya kilometa 74, kutoka Mukono kupitia Katosi hadi Nyenga. Kampuni iliyopewa kazi ililipwa malipo ya kwanza ya shilingi bilioni 24.7. Baadaye ikagunduliwa kwamba dhamana zilizoletwa zilikuwa za kughushi, na kampuni ya Marekani iliyotajwa katika mkataba ikakana kuhusika. Watu waliitazamia barabara, wakapata kesi. Laiti mtu mmoja angalizikagua zile karatasi kabla fedha hazijatoka!

Lakini tusidhani kwamba macho ya kusimamia ni ya wakubwa peke yao. Tuna mfano hapa hapa kwetu. Katika mradi wa barabara ulioitwa Pro-Routes, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wakaaji wa kando ya barabara ya Bukavu hadi Goma walipeleka malalamiko yao mwaka 2017. Walieleza habari za ukatili juu ya wanawake, na za wenyeji waliodhulumiwa katika kazi na katika ardhi yao. Mwezi wa Novemba mwaka huo Benki ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi na kudai mambo yarekebishwe. Angalieni: sauti ya wanakijiji ilifika mpaka Washington! Tena wametufundisha kwamba barabara haipimwi kwa unene wa changarawe tu. Barabara ijengwayo kwa machozi ya binti zetu haijanyoka, hata ikiwa imenyoka kama kamba.

Yatupasa nini sisi?

Kwanza, tuulize kwa adabu, tena tukiwa pamoja. Kampuni ifikapo kijijini, wazee na halmashauri ya parokia waulize mambo manne: kazi ni ya kilometa ngapi, fedha ni kiasi gani, nani mkaguzi, na itakwisha lini. Majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe.

Pili, tuyatunze yaliyo mkononi mwetu. Katika sehemu nyingi za nchi zimeundwa kamati za wenyeji za kutunza barabara, ziitwazo CLER, ambazo watu wake hufyeka majani na kuzibua mitaro. Wazee wetu waliichukia kazi ya barabara kwa kuwa zamani za Wabelgiji ilikuwa kazi ya kushurutishwa, na chuki hiyo ilikuwa na haki. Lakini kazi ya leo, yenye mapatano na ujira halali, ni kitu kingine. Asiyeziba ufa atajenga ukuta: mtaro huzibuliwa kwa jembe asubuhi moja, lakini korongo huhitaji mashine na fedha ambazo kijiji hakina.

Tatu, tusiwe sisi wenyewe maadui. Yuko alimaye mpaka ndani ya mtaro. Yuko azibaye kalvati ili anase samaki. Yuko achukuaye mawe ya daraja akajengee jiko. Huyu naye ameiba, ingawa hana ofisi wala kalamu.

Nanyi wanafunzi wa madarasa ya juu, chukueni kamba, kijiti na chupa ya maji iliyojaa nusu. Nyosheni kamba ukingo hadi ukingo, ilingane na maji yaliyotulia, kisha mpime mgongo wa barabara ya kijijini kwenu. Mtajua kwa nini maji husimama pale, na siku moja mkiwa wahandisi hamtadanganyika.

Bwana wetu alisimulia habari ya mtu aliyeanza kujenga mnara asihesabu gharama, akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Alisimulia pia habari ya wakili aliyeitwa kutoa hesabu ya mali ya bwana wake. Serikali ina hesabu ya kutoa, mjenzi ana yake, mkaguzi ana yake. Nasi tunaokaa kando ya barabara tunayo yetu, nayo yaweza kuanza kesho asubuhi, kwa jembe moja na daftari moja.