Kabla ya kupiga hema Marsabit, jua maji yako yatatoka wapi

Tangu lami ikamilike kutoka Isiolo hadi Moyale, safari ya Marsabit si tena habari ya madereva wa malori peke yao. Siku hizi vijana wa Mombasa, Kilifi na Malindi hukodi matatu, wakapakia mahema, masufuria na mikeka, wakaenda kulala mlimani huko kaskazini. Walimu wa madrasa nao wameanza kuulizia safari hiyo kwa ajili ya likizo. Kwa kuwa nimefika huko mara kadhaa, swali linalonifikia ni moja: tupige kambi wapi?

Wengi hulijibu kwa kutazama picha kwenye simu. Picha itakuonyesha ziwa na machweo. Haitakuonyesha upepo, wala njia ya ndovu, wala mchungaji ambaye wiki hiyo hana maji ya kunyweshea mbuzi wake. Ndiyo maana nimeona niandike.

Mlima unaokunywa upepo wa bahari yetu

Marsabit ni mlima wa volkano iliyozimika zamani. Kilele chake kiko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pande zote umezungukwa na nchi kavu: jangwa la Chalbi upande wa kaskazini magharibi, Kaisut upande wa kusini, na mawe meusi ya Dida Galgalu kwenye njia ya kwenda Moyale. Ukitoka Laisamis na Logologo, kote ni vumbi, miba na ngamia. Kisha gari linapanda, na ghafla unaingia kwenye msitu wa kijani wenye ukungu.

Ukungu huo asili yake ni kwetu. Upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi husafiri bara ukiwa na unyevu. Juu ya tambarare yenye joto unyevu huo hauonekani. Upepo ukigonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa unyevu hugeuka kuwa wingu. Miti hulidaka wingu hilo kwa majani na kwa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, maji yakadondoka chini tone baada ya tone. Mwamba wa volkano una nyufa nyingi, kwa hiyo maji huzama, na mlima hauna mto wa kudumu unaotiririka juu yake. Yakishazama hujitokeza kwingine kama chemchemi na visima. Chemchemi za Bakuli, zilizo ndani ya msitu, zimekuwa tegemeo la mji wa Marsabit kwa miaka mingi.

Ukilielewa hilo, karibu kila uamuzi kuhusu kambi unakuwa mwepesi.

Baridi na umande

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Chalbi hadi juu ya Marsabit ni zaidi ya mita 1,200, basi tegemea tofauti ya nyuzi saba au nane, na upepo na ukungu huifanya ihisike kubwa zaidi. Mtu wa Pwani anayelala na shuka moja nyumbani asidhani kwamba kaskazini yote ni joto. Beba blanketi nzito, sweta na soksi kwa kila mtoto.

Usisimamishe hema moja kwa moja chini ya mti mkubwa ndani ya msitu. Mchana kivuli kitakupendeza, lakini usiku mti huo huo utakudondoshea maji hadi alfajiri hata kama mvua haikunyesha, na tawi bovu halina miadi. Tafuta uwazi wenye nyasi, wenye mteremko kidogo ili maji yasituame, na wenye miti kwa mbali upande wa upepo. Mara nyingi upepo huko hutoka mashariki na kusini mashariki, hivyo mlango wa hema uelekee upande mwingine. Vigingi vyepesi vya hema la bei nafuu havitoshi. Funga kamba kwenye mawe mazito.

Upepo wa eneo hilo si wa mzaha. Wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa Turkana, kwa kuwa hupenya kwa nguvu kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Ziwa Turkana, katika kaunti hiyo hiyo. Loiyangalani, mji ulio chini ya Mlima Kulal wenye mita 2,285, wenyeji wanajua jinsi upepo unavyoteremka kutoka mlimani na kung'oa mabati. Kwa hiyo usidhani kwamba kukaa chini ya mlima ni kujikinga. Wakati mwingine ndipo upepo unapopata kasi.

Mchanga mzuri ulio hatari

Kabla hujafika mlimani utavuka laga nyingi. Laga ni mkondo wa mto ambao mwaka mzima karibu wote ni mchanga mtupu. Mahali pa kulala huonekana hakuna pengine: mchanga laini, hauna mawe, una migunga ya kivuli kandokando. Safari moja dereva wetu alitaka tulale kwenye laga moja kusini ya Marsabit kwa sababu giza lilikuwa linakaribia. Mzee mmoja Mrendille, aliyekuwa akirudisha mbuzi, alisimama akatuangalia tukishusha mizigo. "Vijana," alituambia, "msiangalie mchanga. Angalieni juu ya mti."

Tuliinua macho. Kwenye matawi, usawa wa kifua cha mtu mzima, kulikuwa na nyasi kavu, vijiti na kipande cha gunia vilivyonaswa. Hiyo ndiyo alama ya maji yalipofika mara ya mwisho. Tulihamisha kila kitu hadi kwenye kiinuko. Usiku ule hakukunyesha popote tulipoweza kuona, na mchanga ulibaki mkavu hadi asubuhi. Lakini mvua ya laga haikunyeshei wewe. Hunyesha mlimani, mbali, wakati wewe unahesabu nyota, na maji hufika saa kadhaa baadaye yakiwa yamebeba magogo. Hatari ni kubwa zaidi katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mimi nasema usilale lagani mwezi wowote ule.

Maji ya nani?

Hapa ndipo penye uzito. Kati ya mwaka 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo iliharibika kaskazini mwa Kenya. Marsabit ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Mifugo ilikufa kwa wingi, na familia zilizokuwa na jina kwa ngamia na ng'ombe zikaanza kungoja chakula cha msaada.

Sasa fanya hesabu ya kambi. Mtu mmoja akinywa, akapikiwa, akatawadha mara tano na kuoga kwa kopo, hatumii chini ya lita 10 kwa siku. Kundi la watu 20 kwa siku mbili ni lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20. Ukiyanunua maji hayo kijijini wakati wa kiangazi, unashindana na mama mwenye mtungi mmoja, na wewe una pesa zaidi yake. Muuzaji atakuuzia wewe.

Kwa hiyo jaza mitungi Isiolo, au kwenye mji ambako maji hayana shida siku hiyo, kabla ya kupanda. Piga simu siku mbili kabla na uulize hali ikoje. Kama kuna ukame, punguza idadi ya watu au uahirishe. Na kamwe usiweke hema karibu na kisima. Visima vya Waborana, kama vile vya Ulanula nje ya mji wa Marsabit, ambako vijana husimama juu ya mwingine wakipokezana ndoo huku wakiimba, vina utaratibu wake. Kuna anayeitwa abba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, na kila mfugo una siku yake. Ngamia aliyetembea siku nzima akikuta hema la rangi ya chungwa na muziki mlangoni mwa kisima atageuka. Zamu ikipotea, huenda isirudi kesho. Nenda ukatazame kwa ruhusa, kisha uondoke ukalale kwingine.

Kuni nazo ni hivyo hivyo. Msitu ndio unaodaka ukungu. Ukikata mti umekata bomba la maji ya mji. Beba mtungi wa gesi.

Ndovu hawasomi ramani

Ndani ya mbuga ya kitaifa kuna ndovu, nyati na chui. Wazee wetu watamkumbuka Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na mifupa yake imehifadhiwa Nairobi. Wenzake bado wanatembea njia zao.

Kabla ya kusimamisha hema, zunguka eneo kwa miguu. Ukiona mavi mabichi, nyayo za mviringo au kichochoro kilichokanyagwa kuelekea majini, sogea. Usiweke matunda ndani ya hema. Sisi watu wa Pwani hatusafiri bila ndizi, maembe na machungwa, na ndovu huyanusa kwa mbali. Nyani naye hahitaji mwaliko. Yafungie garini.

Mahali pa kuchagua

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni uwanja wa kambi wa umma karibu na lango kuu la mbuga, upande wa mji. Usitarajie starehe, lakini askari wa wanyamapori wako karibu na mji hauko mbali iwapo mtoto ataugua usiku. Kwa familia na madrasa, mimi ningechagua hapo.

Ya pili ni kambi maalumu kando ya Ziwa Paradise, lililo ndani ya shimo la volkano ambalo Waborana huliita Gof Sokorte Guda. Ndilo ziwa ambako Wamarekani Martin na Osa Johnson waliishi miaka ya 1920 wakipiga filamu za wanyama. Ni mahali pa kumshukuru Mola kwa macho. Lakini hakuna choo wala bomba, ukame ukizidi ziwa hunywea sana, na kwa sababu ya ndovu na nyati, sharti mlale na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Hapo ni pa watu wazima wachache waliojiandaa. Ada za mbuga hazipokelewi kwa pesa taslimu, basi maliza malipo mapema kabla ya kufika mahali pasipo na mtandao.

Ya tatu ni nje ya mbuga, kwenye uwanja wa mwenyeji mjini au kando yake. Huoni ndovu, lakini pesa yako inaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mwenye ardhi, choo kipo, na nyama ya halali iko hatua chache.

Popote mtakapolala, pangeni sehemu ya wanawake kwanza, si mwisho. Choo kiwe karibu na hema lao na njia isipite katikati ya wanaume. Chota maji ya udhu wa alfajiri kabla ya Magharibi, uyaweke kwenye birika ndani ya hema, ili mtu asitoke peke yake gizani. Anayetoka, atoke na mwenzake na tochi. Kibla hakitawasumbua: kama ilivyo Mombasa, Makka kutoka Marsabit iko karibu kaskazini moja kwa moja. Suala la kutayamamu maji yakiwa ya kunywa tu, muulizeni ustadhi kabla ya kuondoka, msianze kubishana juu ya mlima.

La mwisho ni usalama. Marsabit imewahi kuwa na mapigano ya kijamii, na Mei 2022 serikali iliweka kafyu ya usiku. Hilo si sababu ya kuwaogopa watu wake, ambao ukarimu wao nimeuonja. Ni sababu ya kuuliza. Ripoti kwa chifu au polisi, waambie mko wangapi na mnalala wapi. Wakikwambia usipite njia fulani, usipite. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kutoka Mombasa hadi kule ni zaidi ya kilomita 1,000. Anayeweza kugharamia mafuta ya safari hiyo hawezi kushindwa na mitungi 20 ya maji.