Safari ya Kuyaona Maua ya Kitulo
Msomaji atakaye kuyaona maua ya Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hana budi kusafiri wakati wa mvua, baina ya Desemba na Aprili. Hapo ndipo penye mashaka, kwani kutoka Chimala barabara hupanda mlima kwa kona 57, nalo tope huteleza. Basi na aulizie hali ya njia, apande asubuhi, tena asisahau sweta: uwanda huo una kimo cha mita 2,600 hivi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Okidi asiziguse. Viazi vyake vimechimbwa mno kwa magendo, vikapelekwa Zambia kupikwa chikanda, na shina lililochimbwa halichanui tena.