Mgeni wa Busia, Mgeni wa Leicester

Agosti 4, 1972, Idi Amin alikuwa Tororo. Mbele ya wanajeshi wake, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka mpaka wa Malaba, alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda wenye pasipoti za Uingereza wafungashe virago. Wakapewa siku 90. Wengi waliondoka kwa ndege kupitia Entebbe, lakini wapo waliopanda gari la moshi Kampala kwenda Mombasa kutafuta meli ya India, na reli hiyo haina pa kupita ila Malaba. Njiani askari waliwapekua na kuwapora saa na bangili. Wakishavuka mto wa mpakani, Kenya nayo haikuwataka. Serikali ya Nairobi ilikuwa imekwisha kusema kwamba kupita ni ruhusa, kukaa hapana.

Miongoni mwao walikuwamo Waislamu, Waismailia hasa, ingawa Wahindu ndio waliokuwa wengi. Waliofika Uingereza, kama 28,000 hivi, walikuta kwamba tofauti hiyo haina maana kwa mtu yeyote mtaani. Wote walikuwa “wageni wanaotujazia nchi”. Mwezi wa Septemba, baraza la jiji la Leicester lilikuwa limenunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije, kwa kuwa nyumba zimejaa na shule hazina nafasi. Jijini London, wachukuzi wa soko la nyama la Smithfield waliingia barabarani kuandamana dhidi yao.

Wahindi wa Kenya walikuwa wameyaonja hayo mapema zaidi. Sheria zetu za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 ziliwabana waliokuwa bado na pasipoti za Uingereza. Walipoanza kuondoka kwa wingi, bunge la London lilipitisha sheria ya kuwafungia mlango kwa siku tatu tu, kati ya Februari na Machi 1968. Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya baadaye iliona kwamba sheria hiyo iliwabagua kwa rangi na kuwavunjia heshima.

Sasa tazama kilichofuata. Suella Braverman, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, baba yake ni Mgoa aliyetoka Kenya mwaka huohuo wa 1968. Priti Patel, aliyeshika wizara hiyo kabla yake na ndiye aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, wazazi wake walitoka Uganda miaka ya 1960, kabla ya Amin. Rishi Sunak, waziri mkuu aliyegeuza “zuieni mashua” kuwa wimbo wa serikali yake, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Mpango wa Rwanda ulifutwa Julai 2024 bila hata mtu mmoja kupelekwa kwa nguvu. Sisemi kwamba mtoto wa mhamiaji analazimika kuwa na siasa za kuwatetea wahamiaji. Kila mtu na akili zake. Lakini watatu, kutoka ukanda huuhuu wetu, katika kazi ileile moja ya kufunga lango? Hilo linataka maelezo, na nadhani maelezo yake hayako mbali na hapa Busia.

Mwezi huohuo wa Julai 2024, wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu mjini Southport, kaskazini mwa Uingereza. Kabla jua halijazama, mitandao ilikuwa imekwisha kumpata mwenye makosa: Mwislamu, mkimbizi, aliyeingia kwa mashua. Kesho yake msikiti wa mji ukapigwa mawe, na siku chache baadaye hoteli yenye waomba hifadhi huko Rotherham ikavamiwa. Mshukiwa alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff, na wazazi wake ni Wakristo waliotoka Rwanda. Ukweli ulipotangazwa, ghasia hazikukoma. Uislamu wake ulikuwa umeamuliwa na watu wasiomjua, na waliotaka kuuamini hawakutaka kuupoteza.

Wazungu wamejipima wenyewe juu ya hofu hii ya Waislamu. Mwaka 2017 taasisi ya Chatham House ya London ilichapisha maoni ya watu kama 10,000 katika nchi kumi za Ulaya. Waliulizwa kama uhamiaji wote kutoka nchi zenye Waislamu wengi usimamishwe. Kwa wastani, asilimia 55 walisema usimamishwe. Kilele kilikuwa Poland, asilimia 71, nchi ambayo Waislamu wake hawafiki hata nusu asilimia. Miaka mitatu kabla, kampuni ya Ipsos iliwauliza Wafaransa wakadirie ni watu wangapi katika kila mia nchini mwao ni Waislamu. Walijibu 31. Walikuwa kama wanane. Na Waswisi, Novemba 2009, walipiga kura kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti, asilimia 57.5 wakiunga mkono. Nchi nzima ilikuwa na minara minne.

Ukisoma takwimu hizo ukiwa umeketi Malaba, kishawishi cha kwanza ni kujipiga kifua. Hapa mgeni ni riziki. Asubuhi yoyote malori ya kwenda Kampala, Kigali, Juba na Goma yamejipanga kandokando ya barabara, na madereva wake ni watu wa kila namna, Wasomali wakiwa wengi. Nilimwona mmoja akiinama kuingia kibandani, kikoi kiunoni, simu begani, akiongea Kisomali kwa sauti ya juu. Mwenye kibanda, mama wa Kiteso mwenye mikono iliyojaa unga wa chapati, hakungoja amalize.

“Warya, ya maziwa ama strungi?”

“Strungi, mama. Na chapo mbili. Ile deni ya jana nimetuma.”

“Bado sijaona meseji.”

“Itaingia, mama. Mtandao wa hapa unavuka Uganda bila pasipoti.”

Mama akacheka, akamwekea ya tatu. Mlangoni, wabadilishaji fedha wamekaa kwenye stuli na mabunda ya shilingi za Uganda mapajani, waziwazi, jambo ambalo Nairobi lingehesabiwa wazimu. Msikiti uko umbali wa kutupa jiwe, na adhana ya adhuhuri inashindana na honi tu. Uislamu si mgeni wa jana magharibi mwa Kenya. Uliingia Mumias, makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani kabla wamisionari hawajajenga kanisa lolote huko. Askofu Hannington alipopita hapo mwaka 1885 akielekea kifo chake Busoga, aliwakuta watu wa pwani wametangulia.

Na mpaka wenyewe ni mchoro wa juzi. Hadi 1902 nchi yote hii ilikuwa sehemu ya Uganda. Waingereza waliuhamisha mstari kwa ajili ya reli yao, wakawagawa Wateso na Wasamia katikati. Hadi leo mtu huvuka kwenda matanga ya shangazi na kurudi kabla ya magharibi. Mwenye kitambulisho hupita katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa Busia na marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa jengo moja. Asiye nacho, au mwenye mzigo ambao hataki uonekane, anazijua njia za panya.

Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba Mpolandi anamwogopa Mwislamu kwa sababu hajawahi kunywa naye chai, na Mteso hamwogopi kwa sababu anamkopesha chapati. Ningependa kuishia hapo, lakini Januari 2008 inanizuia.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokuwa wameishi Busia, Bungoma na kwingineko magharibi kwa miongo, Wakikuyu hasa, waliamka wakiwa wageni. Maduka yao yalichomwa na watu waliokuwa wakinunua sukari humo. Walikimbia usiku, na walikokimbilia ni ng'ambo ya mpaka. Takriban Wakenya 12,000 waliingia Uganda, wakalala kwenye madarasa ya shule, kisha wakapelekwa kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, wilaya ileile ambako Amin alitolea amri yake. Waliokosa pa kurudi walihamishiwa Kiryandongo. Hawa hawakutofautiana dini na waliowafukuza. Wengine walikuwa wakikaa benchi moja kanisani. Ujirani wa miaka thelathini haukuwafaa kitu ndani ya wiki mbili, kwa sababu kulikuwa na wanasiasa waliohitaji wao wawe wageni.

Hapo ndipo naona Ulaya na sisi tunapokutana. Mtu hawi mgeni kwa sababu ametoka mbali. Huwa mgeni siku mwenye haja ya kura, ardhi au kazi anapomwita hivyo, na jirani akanyamaza. Na mara nyingi anayelipaza jina hilo ni yule ambaye mwenyewe aliingia juzi na bado hana hakika na kiti chake.

Kenya imefanya hivyo kwa Wasomali kwa muda mrefu. Mwaka 1989 serikali iliwapanga foleni Wasomali Wakenya, raia, kuwachunguza upya na kuwapa kadi yao peke yao. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, ilikuja operesheni ya Usalama Watch, Aprili 2014: maelfu walizolewa Eastleigh na kufungiwa uwanja wa Kasarani, wakimbizi pamoja na wenye vitambulisho vya Kenya. Hofu ilikuwa na sababu. Watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 si hadithi ya mitandaoni. Lakini waliopanga mauaji hayo hawakuwa wakiuza nguo Eastleigh. Mpaka huu pia una kurasa zake. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 11, 2010, Wakenya Waislamu walivushwa hadi Uganda bila kupitishwa mahakamani ipasavyo, na Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki aliyekwenda kufuatilia kesi yao, aliwekwa gerezani huko mwaka mzima kisha akaachiliwa.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi tulivyoanza kujifunza kutoka Ulaya. Mei 2016, Kenya ilipotangaza kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, katibu wa wizara ya usalama wa ndani, Karanja Kibicho, aliandika katika gazeti la Uingereza akilalamika kwamba fedha za wakimbizi zinapungua huku na kuongezeka kwa wale wanaoelekea nchi za Magharibi. Malalamiko yenyewe yalikuwa ya haki. Miezi miwili kabla, Umoja wa Ulaya ulikuwa umekubaliana kuipa Uturuki mabilioni ya yuro ili iwazuie Wasyria. Nairobi ikasoma bei sokoni. Jaji John Mativo aliibatilisha amri hiyo Februari 2017, na Dadaab ipo hadi leo.

Tangu hapo sheria imelegea, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inazungumzia kazi na kujitegemea. Mpango wa Shirika, wa kuwachanganya wakimbizi na wenyeji, ulizinduliwa Machi 2025. Somalia yenyewe imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, ndugu wa Uganda na Rwanda katika bendera moja. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa kaskazini mashariki, alitangaza mwisho wa ule uchunguzi wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walikuwa wakifanyiwa wakiomba kitambulisho. Jamii za Waislamu, Wasomali na Wanubi hasa, ndizo zilizouzoea zaidi, lakini hata kijana Mteso wa Malaba mwenye binamu Tororo amewahi kutakiwa kuleta karatasi za babu yake.

Panda basi la usiku Malaba kwenda Nairobi, hata hivyo, uone karatasi zinavyosomwa barabarani. Askari hupanda na tochi. Mwanga unapita haraka juu ya nyuso nyingi, kisha unatua kwenye hijabu au kwenye pua ndefu. Huyu anatoa kitambulisho. Anaulizwa kingine. Abiria wengine, ambao nusu yao huenda walivuka asubuhi bila karatasi yoyote, wanatazama dirishani. Hakuna anayechukia, na hakuna anayesema neno. Mtafiti wa maoni angewahesabu wote kuwa watu wasio na ubaguzi.

Na sasa Ulaya inakuja mlangoni. Septemba 2025 Uholanzi ilitia saini na Uganda barua ya nia: waomba hifadhi waliokataliwa, wanaotoka nchi za karibu na Uganda, wapelekwe huko kwa muda wakingoja kurudishwa kwao. Uganda tayari ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, kuliko nchi yoyote ya Afrika, na mgao wao wa chakula umekatwa mara kadhaa. Waholanzi wanajua wanachonunua: umbali. Mpiga kura wa Rotterdam hatawaona tena.

Lakini Entebbe si mwisho wa barabara. Mtu aliyekwisha kuvuka Sahara na Mediterania hatashindwa na kilomita mia mbili za kutoka Kampala hadi mpakani. Atafika Busia, atanunua chapati, atalipia basi la usiku. Na kama amevaa hijabu, tochi itakapomfikia ataulizwa kitambulisho, kisha ataulizwa kingine.