TUJUE KUMWITA NDEGE WA ASALI



Wengi wetu tumemwona ndege anayeongoza watu kwenye asali. Kwa Kiswahili anaitwa kiongozi-asali. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia. Akiruka, manyoya meupe huonekana pembeni mwa mkia.

Ndege huyu hula nta na mabuu ya nyuki. Lakini hawezi kupasua mti wala kuwatuliza nyuki. Sisi tunayo shoka na moshi, ila hatujui nyuki wako wapi. Basi, kila mmoja anamhitaji mwenzake. Mwaka 1989 wataalamu walieleza habari za Waborana wa kaskazini ya Kenya. Katika pori wasilolizoea, bila ndege walitafuta nyuki kwa karibu saa 9. Wakiongozwa na ndege, walitumia saa 3 hivi.

Sasa tumwiteje?

AINA ZA MIITO

Waborana hupuliza mluzi kwa viganja vilivyofumbatwa. Wengine hupuliza gamba la konokono, au tunda kavu la mkoma lililotobolewa. Sauti yake hufika zaidi ya kilometa 1.

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, jirani zetu upande wa Meatu, hupiga mluzi wa kupanda na kushuka, kama wimbo.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutoa sauti ya "brrr-hm". Wamefundishwa na baba zao.

TUCHAGUE UPI?

Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya jaribio. Walipiga miito ya Wahadzabe na ya Wayao katika nchi zote mbili. Huku Tanzania, ndege waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao. Kule Msumbiji ikawa kinyume: waliifuata "brrr-hm" zaidi.

Maana yake ni nini? Ndege hujifunza lugha ya wenyeji wake. Kwa hiyo tusiige mwito wa mbali. Tuwaulize wazee wa kijiji mwito wao wa zamani, tuufuate huohuo. Watoto nao wasiupige kwa mchezo. Ndege akiitwa bure mara nyingi, atatuaminije?

JINSI YA KUUTUMIA

1. Pita polepole porini ukipiga mwito. Nyamaza kidogo, usikilize.
2. Ndege akija, hulia kama kiberiti chenye njiti kinachotikiswa. Mfuate mti kwa mti, huku ukimjibu.
3. Akinyamaza na kukaa karibu, tazama miti iliyo hapo. Nyuki hawako mbali.
4. Angalia kama ni mzinga wa mtu. Ndege hajui mali ya nani, lakini wewe unajua. Uache.
5. Tumia moshi, siyo moto mkubwa. Usikate mti. Acha masega yenye mabuu, nyuki wasihame. Zima moto kabisa kabla ya kuondoka.

Je, tumlipe ndege? Wayao humwekea nta. Wahadzabe mara nyingine huichoma au kuifukia, ili abaki na njaa, aongoze tena. Sisi tunaona kipande kidogo cha nta hakitufilisi.

TAHADHARI

Kuingia Pori la Akiba la Maswa bila kibali ni kosa. Ndege akielekea huko, rudi. Asali haifai kumpeleka mtu mahakamani.

Ndugu zetu, mahali ambapo watu wameacha kumwita ndege huyu, naye huacha kuongoza. Mwito usiporithishwa kwa vijana, utapotea pamoja na mazungumzo haya ya miaka mingi kati ya mtu na ndege.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu nani bado anaujua mwito?
2. Kwa nini mwito wa Wayao haufai sana huku kwetu?
3. Mtafanya nini ili asali ipatikane bila kuchoma pori?