Mbiu ililia Mocímboa da Praia

Kabla risasi ya kwanza haijalia Mocímboa da Praia, mashekhe walikuwa wamekwisha kusema. Waliwaona vijana wakijitenga na waumini wenzao, wakiingia msikitini na viatu, wakiwazuia wazazi kupeleka watoto shule za serikali. Viongozi wa Kiislamu wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, walilifikisha jambo hilo kwa wenye mamlaka mapema, kabla ya alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, siku vijana hao walipovamia vituo vya polisi vya mji huo. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na hapa ililia. Waliopaswa kuinuka hawakuinuka.

Kazi hiyo ya kupiga mbiu ndiyo aliyopewa nabii Ezekieli, na alipewa akiwa uhamishoni. Alikuwa kuhani, akachukuliwa mateka mwaka 597 kabla ya Kristo pamoja na mfalme Yehoyakini na wakubwa wa Yuda, Nebukadneza alipoutiisha Yerusalemu. Walipelekwa Babeli, katika Iraki ya leo, wakakaa Tel-abibu kando ya mfereji wa Kebari. Mabamba ya udongo yaliyopatikana Iraki yanawaonyesha Wayahudi wa kule wakilima ardhi ya mfalme na kulipa kodi kwa shayiri na tende. Wasomaji Waislamu watamkumbuka Dhulkifli, anayetajwa mara mbili katika Kurani: baadhi ya wafasiri wanasema ndiye Ezekieli, na kaburi linalonasibishwa naye lipo katika mji wa Al-Kifl, kusini ya Baghdad.

Wito ulimjia mwaka 593. Aliambiwa kwamba yeye ni mlinzi. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige baragumu, damu ya watu itadaiwa kwake. Akipiga nao wakapuuza, damu yao i juu yao wenyewe. Naiona sheria hii kuwa ngumu, lakini ina haki ndani yake, kwa sababu haimdai mlinzi ushindi. Inamdai sauti tu.

Lakini hakuanza kwa sauti. Alipofika kwa mateka wenzake aliketi walipoketi wao, siku saba, amepigwa na bumbuwazi. Watu humsifu kwa maono yake ya magurudumu yenye macho na viumbe wenye nyuso nne. Mimi siku zile saba ndizo zinazonishika zaidi. Nabii aliyakalia maumivu ya watu kabla hajafungua kinywa. Na hata maono yale ya magurudumu, ukiyasoma hadi mwisho, yanasema jambo la karibu sana na mkimbizi: utukufu wa Mungu ulitoka hekaluni Yerusalemu, na ulikuwa umekwisha kuonekana kule mferejini, katika nchi ya kigeni, walipo waliofukuzwa. Kwa aliyeacha msikiti wake umechomwa au kanisa lake limebomolewa, hiyo ni habari kubwa.

Siku moja aliagizwa afungashe virago vyake mchana, watu wakitazama. Jioni akatoboa ukuta kwa mikono, akatoka gizani na furushi begani, amefunika uso asiione ardhi anayoiacha. Ilikuwa ishara kwa waliodhani Yerusalemu hautaanguka kamwe. Mji ukaanguka takriban mwaka 586.

Cabo Delgado nako watu walifungasha virago. Mji wa Palma ulivamiwa na waasi tarehe 24 Machi 2021. Wako waliokimbilia Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa Quitupo kupisha mradi wa gesi wa Afungi, hivyo walioondolewa kwao na gesi wakawapokea walioondolewa kwao na bunduki. Wengine walilala msituni, wengine walipanda mashua kwenda Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado. Miezi michache nyuma yake, Oktoba 2020, ufuo wa Paquitequete mjini Pemba ulikuwa umefurika watu wa majahazi, na mashua moja ilizama karibu na kisiwa cha Ibo ikaua zaidi ya watu 40. Wengine waliishika njia ya mto Ruvuma, kuelekea Tanzania. Kufikia katikati ya 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema zaidi ya watu 9,000 wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano tangu Januari mwaka huo. Sisi tulio kaskazini ya mto, wenye ndugu ng'ambo na lugha moja, tunapaswa kuisoma habari hiyo kwa huzuni.

Ezekieli alipuuzwa kwa namna ya pekee: watu walimjia, wakaketi, wakaisifu sauti yake kama ya mwimbaji hodari, wakarudi makwao vilevile. Cabo Delgado walinzi walipata zaidi ya kupuuzwa. Mwandishi Amade Abubacar alikamatwa Macomia mwezi Januari 2019 akiwahoji waliokimbia makwao, akakaa kizuizini zaidi ya miezi mitatu. Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba, Mbrazili, alisema wazi kuhusu mauaji na njaa wakati wengi walinyamaza, na watetezi wa serikali wakamshambulia magazetini na mitandaoni. Papa Francis alimpigia simu Agosti 2020, siku chache baada ya Mocímboa da Praia kutekwa na waasi. Februari 2021 askofu huyo akahamishiwa jimbo moja la Brazili.

Mateka wa Babeli walikuwa na msemo wa kuwatwika watoto makosa ya baba zao. Ezekieli aliukataa kabisa: kila nafsi itajibu kwa matendo yake. Neno hilo linahitajika sana leo, maana Mmwani, mtu wa kabila la pwani, aliyekimbia kwao Mocímboa hupokewa kwa shaka huko aendako, kana kwamba kuzaliwa pwani ni ushahidi wa kuwa mmoja wa waasi, ambao wenyeji huwaita al-Shabab. Mama aliyepoteza nyumba kwa waasi hawezi kudaiwa makosa ya waasi.

Kwa wakubwa alikuwa mkali zaidi. Aliwaita wachungaji wanaokula mafuta na kuvaa sufu huku kondoo wakitawanyika milimani. Cabo Delgado nako mali haikukosekana: mradi wa gesi wa Afungi ulikadiriwa dola bilioni 20. Ulisimamishwa Aprili 2021, na ndani ya miezi michache wanajeshi wa Rwanda waliingia, wakaikomboa Mocímboa da Praia mwezi Agosti pamoja na jeshi la Msumbiji. Nafurahi mji ulikombolewa. Nauliza tu kwa nini ulikaa mwaka mzima mikononi mwa waasi, na watu wa Muidumbe na Macomia walikuwa wakilia tangu zamani.

Mkimbizi alipoleta habari kwamba Yerusalemu umeanguka, Ezekieli alibadili maneno. Hakuwasimanga watu kwamba aliwaonya. Ndipo likaja bonde la mifupa mikavu inayosimama na kuvuta pumzi, ndipo akachora mji mpya, lango kwa lango, mpaka kwa mpaka. Wanaorudi Palma na Mocímboa sasa wanastahili kazi ya namna hiyo: mashamba yenye mipaka inayoheshimiwa, shule, hospitali, na wazee wa misikiti wanaosikilizwa wanapoleta wasiwasi.

Wanastahili pia jibu kuhusu Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma. Jioni ya tarehe 7 Aprili 2020 alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Hakuonekana tena. Serikali ya Msumbiji ndiyo yenye askari hao, na ndiyo inayodaiwa kusema walimpeleka wapi.