Kalenda ni mtaji: funzo la Ngong kwa wavuvi wa Uvira

Kutoka Uvira hadi Makobola hutakuta uwanja wa mbio za farasi. Sababu moja ni hesabu ya mfugaji: mwambao wa ziwa Tanganyika uko chini, mita 770 hivi juu ya bahari, na joto lake huwafaa visubi wanaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika. Farasi wa thamani akifa, mtaji umekwenda.

Lakini biashara ya mbio hizo ilitia mizizi kwenye nyanda za juu za Kenya. Mbio zilianza Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, zikakaa miaka mingi Kariokor, na mwaka 1954 zikahamia uwanja wa sasa kando ya barabara ya Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya. Nakuru na Eldoret nako farasi walishindana zamani. Ngong ndiyo iliyodumu.

Kinachoushikilia uwanja huu ni ratiba. Mbio hufanyika Jumapili, na msimu hupumzika karibu na Agosti na Septemba. Farasi wa miaka mitatu hupangiwa mashindano makubwa: Guineas ya mita 1,600, Derby ya mita 2,400, Oaks kwa majike, na St Leger kwa wenye pumzi ya mwendo mrefu. Farasi hupita umri huo mara moja tu, hivyo mkufunzi hupanga mazoezi kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya shindano. Katika mbio nyingine, farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili mshindi asijulikane mapema; bila hivyo hakuna wa kuweka dau.

Ugumu uko kwenye gharama. Farasi hula kila siku, saisi hulipwa kila mwezi, daktari wa mifugo hangoji Jumapili; mapato huja siku ya mbio tu. Mwaka 2020, korona ilipozuia mikusanyiko, mapato yalikatika na zizi likabaki na midomo ileile. Ndiyo maana ndani ya uwanja kuna gofu, na viwanja vyake hukodishwa kwa matamasha. Ardhi inayofanya kazi siku saba hulisha mchezo wa siku moja.

Hesabu hiyo ya gharama za kila siku na mapato ya siku chache, wavuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira, wanaijua. Ndagala na mikeke huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Juu ya kalenda hiyo ya mwezi sasa imekuja ya serikali. Nchi nne za ziwa, zilizounganishwa na mkataba wa mwaka 2003 na mamlaka yenye makao Bujumbura, zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane. Tanzania ilifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Kufunga ziwa ni haki, kwa kuwa samaki wakiisha hakuna soko litakalobaki. Lakini tarehe pekee haimshibishi mtoto wa mvuvi. Miezi mitatu bila kipato humsukuma baba wa nyumba kuvua kwa kificho, na mama muuza ndagala kukopa kwa riba.

Serikali ya mkoa na vyama vya wavuvi watangaze tarehe mapema kila mwaka, bila kuzibadili. Hapo likelemba, yaani mchango wa zamu, itaanza miezi sita kabla ya kufungwa, mafundi watapokea kazi zote za kutengeneza mitumbwi na nyavu katika miezi ya kufungwa, na wenye majiko ya kukaushia watanunua mapema akiba ya samaki ya kuuza Bukavu. Wakopeshaji nao wapange marejesho yasimame miezi hiyo. Mwaka ukipangwa hivyo, mvuvi ataweza kuitii sheria na familia yake ikala.