Matunda ya Kenya, Sehemu ya Nne: Miti ya Turkwel na Wenyewe

Turkana haimo katika orodha ya kaunti za matunda. Anayetaja maembe atataja Makueni, anayetaja ndizi, Kisii au Meru, mananasi, Thika, nazi na korosho, Kilifi na Kwale. Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, na ipo miaka ambayo hata hizo hazifiki. Joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Kwa hesabu ya bwana shamba, hapo si mahali pa matunda.

Lakini mtu akiiacha lami ya Lodwar na kushuka kwenye kingo za Mto Turkwel, ataingia kwenye kivuli cha msitu mwembamba unaoufuata mto, na sehemu kubwa ya miti iliyomo humo huzaa kitu kinacholiwa na mtu au na mbuzi. Akielekea Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, atakuta hivyo hivyo kando ya Tarach, mto ambao kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu juu na maji chini. Matunda yapo Turkana. Yanayogombewa ni maji yanayouweka mti hai, na swali la nani ana haki ya kuchuma.

Mti wa kwanza kumvutia mgeni ni mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol. Ni jamaa ya mnazi na mtende, ila shina lake hugawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena, jambo ambalo ni nadra kwa miti ya aina hiyo. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, kwa hiyo si kila mkoma unaozaa. Tunda lake hutosha kiganjani, ganda ni la kahawia linalong'aa, na kisu hakifui dafu mbele yake. Mtoto wa Lodwar huligongagonga kwenye jiwe mpaka ganda lipasuke, kisha huling'ata ubavuni, akanyonya utamu na kutema nyuzi. Koma bichi lina maji kidogo ndani ya kokwa yake na nyama laini ya kukombwa. Likikomaa, kokwa huwa ngumu kiasi cha kuchongwa vifungo vya nguo. Wanawake hulitwanga, wakachambua nyuzi, wakapata unga mtamu unaowekwa kwa siku za njaa.

Wapwani nao wanaujua mkoma, ingawa wao huuthamini zaidi kwa majani yake ya kusukia mikeka na vikapu. Huko kaskazini, kando ya Nile, makoma ya jamii ndugu yalikuwa chakula cha wafalme: kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, vikapu vya makoma yaliyokauka vilikuwa miongoni mwa akiba aliyozikwa nayo.

Mbali kidogo na maji huanza matunda ya vichaka. Edome ni tunda dogo la rangi ya machungwa, lenye utomvu mtamu unaonata vidoleni na midomoni. Esekon ni mswaki ule ule unaouzwa misikitini Mombasa, ila Waturkana hula na matunda yake, madogo mekundu, matamu yenye ukali wa mbali wa pilipili. Ekalale ni mkunazi. Epeduru ni mkwaju. Eng'omo ni kichaka cha matunda madogo ambayo watoto wachungaji humaliza kabla hayajafika nyumbani. Kazi ya kuyakusanya kwa ajili ya jamaa nzima ni ya wanawake. Hukausha ya leo kwa ajili ya miezi ya kiangazi, na huyaponda na kuyakanda yakawa vinyunya vinavyokaa muda mrefu bila kuoza.

Yapo pia matunda ambayo si ya kuchuma na kutia kinywani. Edung, mti mgumu unaobaki kijani wakati kila kitu kimekauka, huzaa mbegu chungu. Mama huziweka sufuriani asubuhi, akazichemsha, akamwaga maji, akatia mengine, akachemsha tena, na kurudia hivyo mpaka uchungu uishe. Mbegu za mti wa edapal nazo hutaka moto wa saa nyingi. Chakula hiki hudai kuni na maji, vitu viwili ambavyo mwaka wa ukame huviadimisha. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 na mifugo ikafa kwa wingi kaskazini mwa Kenya, matunda ya aina hii yalirudi kwenye sufuria za jamaa ambazo zilikuwa zimeyazoea kama habari za mabibi tu. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishayaorodhesha mengi ya haya katika kitabu cha mimea ya asili inayoliwa, kilichotoka mwaka 1999.

Mgeni anayeona msitu wa Turkwel bila ua wala lango hudhani ni mali ya bure. Hapo ndipo anapokosea njia. Ukanda wa mto umegawanywa kwa utaratibu uitwao ekwar. Kila ekwar ni kipande cha ukingo chenye miti yake, na kina mwenyewe: mzee wa jamaa fulani aliyekirithi kwa baba yake. Wakati wa mvua malisho ni mengi na hakuna anayeuliza. Kiangazi kikiingia, haki inakaza. Maganda ya mgunga wa ewoi, yaitwayo ng'itit, ambayo mbuzi huyapenda kuliko kitu chochote, ni ya mwenye ekwar; kadhalika matunda, na kadhalika matawi. Anayetaka huomba, na mara nyingi hupewa. Anayekata mti bila kuuliza hujikuta mbele ya wazee chini ya mti wao wa baraza, na huondoka akiwa amepungukiwa na mbuzi.

Mtaalamu wa misitu Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana katika miaka ya 1980, aliuandika utaratibu huu mwaka 1990. Maelezo yake yalipingana na fikra iliyokuwa imeenea maofisini kwamba wafugaji wanaohama hawana habari na miti. Msitu wa Turkwel ulikuwa umesimama kwa sababu wapo watu waliokuwa wakiuhesabu mti kwa mti.

Pigo la msitu huo lilitoka kwingine. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 kwa ajili ya kuzalisha megawati 106 za umeme, liliushika mto huko juu mpakani na Pokot Magharibi. Mafuriko yaliyokuwa yakishuka kutoka Mlima Elgon, yakieneza tope na mbegu kwenye kingo, sasa yanapita kwa idhini ya mitambo. Mti mzee wenye mizizi mirefu huvumilia. Mche mchanga, ambao uhai wake ulitegemea tope la msimu, hauna pa kushika.

Pigo jingine ni mathenge. Mti huu asili yake ni Amerika. Ulipandwa Kenya kwanza pwani, Bamburi, mwaka 1973, na miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na Turkana ili kuzuia jangwa. Uliota kupita matarajio. Maganda yake yana sukari nyingi. Mbuzi huyala, huoza meno, na husambaza mbegu kila wanapopita. Wakazi wa Baringo walifika mahakamani wakiwa na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Kando ya Turkwel, mathenge umejaa pale ambapo miche ya edome na ewoi ingeota, na miiba yake imefunga njia za kushukia majini.

Mtende una historia tofauti, kwani huo hupandwa kwa mkono. Waarabu husema mtende hutaka miguu majini na kichwa motoni, na Lodwar ina vyote viwili: maji ya chini ya mchanga wa Turkwel na jua lisilo na huruma. Mvua, ambayo mahali pengine huozesha tende zikianza kuiva, si tatizo hapa. Mtende pia huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda, na katika Turkana hilo si jambo dogo. Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa maji hayo yana chumvi mno kwa kunywa.

Tatizo la tende ni mbegu. Anayepanda kokwa anabahatisha: karibu nusu ya miche huwa dume isiyozaa, na jike linalozaa halifanani na mama yake. Wakulima wa Uarabuni hung'oa machipukizi ya mti wanaoujua na kuyapanda, kisha hupanda juu wenyewe msimu wa maua kulipaka ua jike chavua ya dume. Bila kazi hizo mbili, mtende hutoa kivuli kizuri na tende chache za kila namna.

Wanunuzi wa tende wapo karibu. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliofika kwa miguu, na tangu hapo imepokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, sasa ina watu zaidi ya 200,000. Ramadhani ikikaribia, maduka ya Wasomali hujaa tende za pakiti kutoka ng'ambo. Wasudan Kusini waliikuta miti ya kwao imewatangulia: tunda la ebei ni ndugu wa karibu wa lile wanaloliita lalob, na ekalale ni nabag. Msomali huiita hiyo hiyo gob. Mkongo na Mrundi hutafuta ndizi na parachichi, na hizo huja na malori kutoka Kitale, karibu kilomita 300 mpaka Lodwar kabla ya kuendelea mbele. Ndizi iliyopakiwa ikiwa ngumu hushushwa Kakuma imeanza madoa, na mchuuzi huwa na siku moja au mbili za kuiuza.

Wakati huo huo, wanawake wa Kiturkana wanaokaa kandokando ya kambi huuza kuni na makaa kwa wakimbizi, na kuni ni miti. Mradi wa Bamba Chakula ulipoanza mwaka 2015 na sehemu ya posho ikawa inatumwa kwa simu, mkimbizi akawa mteja wa duka. Posho ilipokatwa sana mwaka 2025, mzunguko wa fedha ulinywea pande zote mbili. Jamaa ya Kiturkana iliyokosa mnunuzi wa maziwa huongeza makaa, na miti iliyo karibu zaidi na wanunuzi ni ile ya Tarach.

Sehemu ijayo itapanda na mto hadi Katilu, kwenye mifereji ya umwagiliaji, kuangalia jinsi wenye mashamba na wenye ekwar wanavyogawana maji yale yale.